Mlima wa Bibi kwenye kipande cha lino

Bibi yangu aliishika picha kwa mikono miwili, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama muda mrefu bila kusema kitu. Mimi nimesimama nyuma yake kama mtoto wa darasa la nne anayesubiri daftari lisahihishwe. Halafu akauliza: "Mjukuu wangu, mbona mlima umehama?"

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mchonga mihuri pale Kariakoo analijua: kinachochongwa kulia hutokea kushoto. Mlima ambao Bibi ameutazama maisha yake yote ukiwa kushoto kwa nyumba yake, huko Mlalo, milima ya Usambara, mimi niliuhamishia kulia kwa patasi ndogo isiyozidi urefu wa kalamu. Kabla sijajitetea akaweka kidole katikati ya picha: "Na mparachichi wangu umeukata?"

Naam, na mparachichi niliukata. Nitaeleza.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si mchoraji. Mimi ni mwandishi wa gazeti. Maisha yangu ni mikutano ya waandishi wa habari, semina zenye chai na sambusa, na mhariri anayepiga simu kuuliza habari iko wapi. Mara ya mwisho kuchora kitu nilikuwa shule ya msingi, na nilichora bendera. Lakini mwaka jana rafiki yangu mmoja mchoraji hapa Dar alinipa kipande cha lino, patasi tatu na kopo la wino, akasema: "Wewe si unapenda historia? Chonga hiki, utaona historia inavyofanya kazi." Nilidhani anatania. Nimechonga, na sasa nataka kuwasimulia, maana kipande kile kilinionyesha kitu ambacho miaka mitatu ya chuo kikuu haikunionyesha.

Tuanze na lino yenyewe. Jina kamili ni linoliamu, na haikutengenezwa kwa ajili ya wasanii hata kidogo. Ilitengenezwa ikanyagwe. Mwingereza Frederick Walton aliipatia hataza mwaka 1863. Alichukua mafuta ya mbegu za kitani, akayaacha yashikane na hewa mpaka yakawa mazito kama ulimbo, akayachanganya na unga wa kizibo (lile gome jepesi linalozibia chupa za mvinyo), kisha akaupaka mchanganyiko huo juu ya kitambaa kizito cha juti, ndugu wa gunia. Kikatoka kitu cha kutandika sakafuni: hakipitishi maji, kinafagilika, na bei yake nafuu kuliko zulia. Jina alilitunga kutokana na maneno mawili ya Kilatini, la kitani na la mafuta.

Hapa kuna kisa kinachonifurahisha. Mwaka 1878 kampuni ya Walton iliwashtaki washindani waliokuwa wakitumia jina hilo hilo. Ikashindwa. Mahakama ilisema jina limekwisha kuwa jina la kitu chenyewe, si la kampuni. Sisi tunaoingia dukani kuomba "Colgate" na kupewa dawa ya meno ya kampuni nyingine bila kugombana na mwenye duka, tunaelewa kabisa hukumu ile.

Tahadhari kwa atakayetaka kujaribu: yale makapeti ya plastiki tunayonunua kwa mita siyo lino. Ni plastiki, na ndiyo iliyoipokonya lino soko la sakafu baada ya Vita Kuu ya Pili. Patasi huteleza juu yake. Lino halisi unaipasha joto kidogo juani, inalainika kama sabuni ya mche, na patasi inapita bila ugomvi. Haina nyuzi kama mbao, kwa hiyo unaweza kukata kuelekea upande wowote.

Ulaini huo ndio uliowavuta watu kuiondoa sakafuni na kuiweka mezani. Kule Vienna, mwalimu Franz Cižek, aliyefungua darasa la sanaa kwa watoto mwaka 1897, aliwapa wanafunzi wake lino wachonge. Wakubwa wengi wa sanaa waliidharau kwa sababu hiyo hiyo: kazi ya watoto! Halafu akaja Claude Flight, aliyefundisha katika shule ya sanaa ya Grosvenor, iliyofunguliwa London mwaka 1925. Huyu bwana alikuwa na imani moja ninayoipenda: kwamba picha ya lino inapaswa kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kuimudu, bei ya bia au ya tiketi ya sinema. Sanaa ya mwenye nyumba na ya mpangaji pia.

Wanafunzi wa Flight walichapa picha za rangi, na hapo ndipo tatizo la rangi linapoanza. Hebu nilieleze kwa lugha ya kazini kwetu. Picha ya rangi unayoiona kwenye gazeti imechapwa mara nne: kuna bamba la njano, bamba la rangi ya waridi iliyokolea, bamba la buluu, na bamba jeusi. Karatasi inapita kwenye yote manne, na kila rangi lazima ianguke mahali pake hasa. Siku mabamba yakipishana kidogo tu, asubuhi unamkuta waziri ana midomo minne ukurasa wa kwanza, na simu ya mhariri haipoi siku nzima. Watu wa Grosvenor walifanya vivyo hivyo kwa mkono: kipande kimoja cha lino kwa kila rangi, vitatu au vinne kwa picha moja.

Sasa tuhamie Ufaransa ya kusini, kwenye mji mdogo wa wafinyanzi uitwao Vallauris. Pablo Picasso alihamia huko mwaka 1948, akiwa tayari mchoraji maarufu kuliko wote duniani. Mjini hapo palikuwa na mchapaji kijana, Hidalgo Arnéra. Picasso alianza kwa kuchonga mabango ya lino ya kutangaza maonyesho ya mji, vitu vya kubandika ukutani. Kisha akanogewa. Paris, kwenye karakana kubwa za uchapaji, kulikuwa mbali. Arnéra alikuwa karibu. Mzee akimaliza kuchonga, kipande kinapelekwa kwa Arnéra, kinachapwa, na nakala ya majaribio inarudi kwake bila kusubiri posta.

Mwaka 1958 Picasso alichonga picha ya mwanamke kwa kufuata mchoro wa zamani wa Cranach Mdogo, na akaifanya kwa njia ya kawaida: kipande kwa kila rangi. Ilikuwa taabu. Kupanga vipande vyote vikutane sawasawa ni kazi ya kumtoa mtu jasho, na Picasso hakuwa mtu wa subira. Kuanzia mwaka 1959, akiwa na miaka 77, akashika njia nyingine. Kipande kimoja tu. Rangi zote zitoke humo humo.

Inawezekanaje? Ni rahisi kueleza na ngumu kutenda. Unachonga kwanza sehemu zote unazotaka zibaki nyeupe. Unapaka rangi ya njano, unachapa karatasi zako zote. Kisha, kwenye kipande kile kile, unachonga na kuondoa sehemu zote unazotaka zibaki njano. Unapaka kijani, unachapa juu ya njano kwenye karatasi zile zile. Unaondoa sehemu za kubaki kijani. Unapaka rangi nzito zaidi. Hivyo hivyo mpaka nyeusi. Kila hatua lino inapungua. Mwisho wa safari unabaki na kipande chenye vimistari vichache vya rangi nyeusi, na picha nzima iko kwenye karatasi.

Wachapaji wanaiita njia ya kupunguza. Wengine, kwa utani mchungu, wanaiita chapa inayojiua. Maana baada ya kuchonga kwa ajili ya kijani huwezi tena kuchapa njano. Idadi ya nakala unaiamua siku ya kwanza. Ukianza na karatasi 15, hutakuja kupata nakala ya 16 hata aje rais kuiomba. Maji yakimwagika hayazoleki.

Huenda Picasso hakuwa mtu wa kwanza duniani kufanya hivyo, lakini jina lake ndilo lililoifanya njia hii ijulikane kila mahali. Mwaka 1962 alichapa hivyo taa, bilauri na matunda mezani, na mwaka huo huo akachonga upya kwenye lino picha mashuhuri ya Manet ya watu wanaokula majanini, mtoni, chini ya miti. Mtu aliyetimiza miaka 80, ameinama juu ya kipande cha sakafu, anaondoa vitu visivyorudi. Nikiwa na kipande changu mkononi niliwaza sana habari hiyo.

Kabla sijarudi kwangu, lazima nipite Afrika Kusini, maana lino ilipata makao mengine kule, na ya heshima kubwa zaidi machoni pangu. Serikali ya ubaguzi ilipitisha mwaka 1953 sheria ya elimu ya Wabantu, sheria iliyokusudia kijana mweusi afundishwe kiasi cha kumtumikia mzungu tu. Nafasi za kijana mweusi kusomea sanaa zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walifika Natal mtu na mkewe kutoka Sweden, Peder na Ulla Gowenius, chini ya Kanisa la Kilutheri. Walianzia Umpumulo mwaka 1962, na mwaka uliofuata wakahamia Rorke's Drift, mahali palipo kwenye vitabu vya historia kwa sababu ya mapigano ya Waingereza na Wazulu ya mwaka 1879. Mmoja wa wasanii wa mwanzo kabisa, Azaria Mbatha, alijifunza kuchonga lino kwa Peder akiwa mgonjwa hospitalini Ceza.

Kwa nini lino? Kwa sababu ni rahisi kuipata, haihitaji umeme, na unaweza kuchapa bila mashine kwa kusugua karatasi kwa mgongo wa kijiko. Serikali ikikunyima shule, haiwezi kukunyima kijiko.

John Muafangejo alisoma hapo kati ya mwaka 1967 na 1969. Alizaliwa Angola mwaka 1943, akaishi Namibia, na akafariki mwaka 1987, miaka mitatu kabla Namibia haijawa huru. Kituo cha sanaa mjini Windhoek kikaja kupewa jina lake. Kazi zake nyingi ni nyeusi na nyeupe tu, na mara nyingi aliandika maneno ndani ya picha: nani alifanya nini, wapi, mwaka gani. Mimi nikizitazama naona ripota mwenzangu. Nchi yake ilikuwa chini ya utawala wa Afrika Kusini, magazeti yalikuwa ya wengine, basi yeye akachapa habari zake kwenye lino. Na kwetu tusijisahau: Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972, iliwakusanya vijana wa kila namna, George Lilanga akiwemo, kwenye batiki, uchoraji na uchapaji wa picha. Tulikuwa na mlango wetu.

Haya, turudi kwenye meza yangu ya kulia chakula, Dar, chumba kimoja na sebule.

Nilichagua kuchonga mandhari ya nyumbani kwa Bibi kwa sababu nilidhani naijua. Picha ninayo kwenye simu: mlima, ukungu, mashamba yaliyopangwa kwa matuta kama ngazi, migomba, nyumba ya bati, mparachichi mbele ya nyumba. Nikaichora juu ya lino kama ilivyo. Hapo ndipo mlima ulipohama. Dawa yake ni rahisi: unachora kwenye karatasi nyepesi, unaigeuza, ndipo unakopi. Nimeijua nimechelewa.

Rangi tano. Nyeupe ya karatasi iwe ukungu. Njano hafifu iwe anga la asubuhi na bati linalometa. Kijani kibichi kiwe migomba na mboga. Nyekundu ya udongo iwe njia na matuta. Kijani kizito kiwe msitu. Nyeusi iwe vivuli, shina la mparachichi, na mlango wa Bibi. Ukihesabu na karatasi ni sita, lakini wino ni tano.

Ili karatasi ikae mahali pale pale kila mara, nilikata kona ya boksi nikaigundisha kwenye ubao. Lino inaingia kwenye kona, karatasi nayo ina kona yake. Rola nilipewa ya kuazima, wino niliutandaza kwenye kioo cha dirisha, na mahali pa mashine nilitumia mwiko. Mwiko huo sasa haurudi jikoni. Nakala nilizianika kwenye kamba ya nguo ndani, kwa vibanio. Wino ni wa mafuta na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha kuotesha mchicha, kwa hiyo kila rangi ilichukua siku mbili mpaka tatu kukauka. Jirani aliyekuja kuazima chaja alidhani nimefungua kiwanda cha noti.

Karatasi zilikuwa 15. Njano ilienda vizuri, nikaanza kuringa. Kwenye kijani karatasi 4 zilikaa mshazari, migomba ikaota angani. Zikatoka 11. Nyekundu ikanishangaza: juu ya kijani haibaki nyekundu, inageuka kahawia, rangi ile ile ya udongo wa kule baada ya mvua. Hiyo ilikuwa bahati yangu, si akili yangu. Karatasi 3 zilipakaa kwa sababu sikusubiri zikauke. Zikabaki 8.

Na mparachichi? Nilikuwa naondoa sehemu za kubaki kahawia, usiku, umeme umekatika, nachonga kwa mwanga wa simu. Patasi ikateleza. Sekunde moja. Ilipita katikati ya shina, shina ambalo lilipaswa kuishi mpaka rangi ya mwisho, kisha ikaja ikanikata kidole gumba. Kidole kilipona kwa wiki moja. Shina ndiyo basi. Ungekuwa mchoro wa penseli ningefuta na kuanza upya. Ungekuwa ukurasa wa kompyuta ningebonyeza kurudi nyuma. Hapa palikuwa na shimo. Nikaukata mti wote uliobaki ili nusu yake isiningʼinie angani kama mzuka, nikaendelea na kijani kizito kana kwamba hapakuwahi kuwa na mparachichi.

Kumbuka hilo. Kana kwamba hapakuwahi kuwa na mparachichi.

Mwisho nilipata nakala 6 nzuri, 2 nyingine zikiwa za kuficha. Niliporudi nyumbani kwa sikukuu nikamchukulia Bibi moja. Ndipo yale maswali mawili mlangoni.

Nilimweleza jinsi ilivyofanyika. Rangi ya kwanza, unakata, ya pili, unakata. Alisikiliza kama anavyosikiliza taarifa ya habari, kichwa upande. Halafu akanyoosha mkono, siyo kwenye picha, bali nje, kwenye mlima wenyewe.

"Kwa hiyo haya matuta umeyaweka ya ngapi?"

"Ya tatu, Bibi."

"Sawasawa," akasema. "Maana hayakuwepo."

Bibi ni wa miaka ya mwishoni mwa 1930 au mwanzoni mwa 1940, hakuna cheti. Akaanza kunisimulia. Kwamba alipokuwa mtoto, juu kule palikuwa na miti, na mbuzi walichungwa pale ambapo sasa pana kabichi. Kwamba ikaja amri. Kila familia ichimbe matuta kwenye mteremko, na matuta yafungwe yasipitishe maji. Mama yake alichimba kwa jembe la mkono, mtoto mgongoni. Asiyechimba alitozwa faini. "Watu walichoka," akasema. "Wakasema, kama ni hivyo bora tufungwe."

Nilikaa chini. Jamani, mimi jambo hili nimelisoma chuoni! Serikali ya mkoloni ilianza mradi wa kuhifadhi udongo hapo hapo bonde la Mlalo mwaka 1946, kisha ikaupanua kwenye milima ya Usambara. Ilikuwa na hoja, kwa sababu udongo ulikuwa unaporomoka kweli. Lakini ilichagua kulazimisha, na mzigo wa jembe ukawaangukia zaidi wanawake. Upinzani ulikua mwaka hadi mwaka, TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ikakuta watu wa milima ile wamekwisha kukasirika, na mwaka 1957 mradi ukaachwa. Nilijibu swali hilo kwenye mtihani. "Jadili sababu za kushindwa kwa..." Nikapata B. Na katika miaka yote mitatu haikunijia kwamba swali lile lilikuwa linamhusu bibi wa mama yangu, wala kwamba shahidi yupo, anaishi kwenye nyumba ya bati, na kila sikukuu namletea sukari kilo mbili na kanga.

Nilikuwa nimechonga matuta yale kama mapambo. Mistari mizuri ya kahawia. Mimi nilidhani mandhari ya kijijini ni kitu kilichokuwepo tangu zamani, kimekaa kinasubiri mtu wa mjini aje akipige picha. Kumbe mlima wenyewe umechapwa kwa rangi moja juu ya nyingine. Misitu ikakatwa, ikaja nyingine. Matuta yakalazimishwa, yakakataliwa, na leo watu hao hao wanalima mboga kwa matuta waliyoyachimba wenyewe kwa hiari na kuzipeleka Dar. Nyasi zikatoka kwenye paa, bati likaingia. Kila hatua imekula sehemu ya hatua iliyotangulia, na anayefika leo anaona rangi ya mwisho tu.

Niliporudi Dar nikamweleza rafiki yangu mchoraji. Akaniuliza: "Uliweka nakala ya kila hatua?" Sikuelewa. Akasema wachapaji wenye akili, kila baada ya rangi, huweka karatasi moja pembeni, haiendelei. Njano peke yake. Njano na kijani peke yake. Hazipendezi, huwezi kuziuza, lakini bila hizo hakuna atakayejua kazi ilipitia wapi. Picasso na Arnéra walikuwa nazo. Ile picha ya taa na matunda ya mwaka 1962 ina nakala zake za hatua kwa hatua, na British Museum ya London ilinunua seti nzima. Lino yenyewe imekwisha kuliwa, lakini ukizipanga karatasi zile ukutani unaona mkono wa mzee ulivyokuwa unaamua, usiku mmoja baada ya mwingine.

Mimi sikuweka hata moja. Karatasi zote 15 nilizipeleka mbele kwa tamaa ya kuwa na nakala nyingi. Leo siwezi kukuonyesha mparachichi ulivyokuwa.

Na nikajiona nilivyo kazini. Madaftari yangu ya ripota huwa nayatupa yakijaa. Habari imetoka, ya nini tena? Rekodi kwenye simu nafuta ili kupata nafasi ya video. Mwenye gazeti anahifadhi ukurasa uliochapwa, yaani rangi ya mwisho. Yule mama aliyeniambia maneno 500 nikatumia 20, yale 480 nimeyachonga nikayapuliza kama vumbi la lino.

Bibi ni nakala ya hatua. Yeye ndiye karatasi iliyowekwa pembeni, yenye njano na kijani peke yake. Na wa aina yake kila mwaka wanapungua, wala hawachapwi upya.

Nilirudi tena Mlalo mwezi uliofuata, safari hii si sikukuu, na Bibi aliponiona alidhani kuna msiba. Nikamwambia nimekuja kusikiliza tu. "Kusikiliza nini?" "Matuta." Akacheka. "Majuto ni mjukuu," akasema, na kweli mjukuu ndiye aliyekuwa amekaa mbele yake na simu inayorekodi. Tuliongea mchana kutwa. Nimeandika kila kitu, na kila ninapotumia kipande kwenye makala, daftari lenyewe linarudi kabatini. Sitaki tena kuwa na toleo la mwisho peke yake.

Wewe unayesoma hapa kutoka ofisini, una mtu wako kule Mbinga, Bukoba au Machakos. Sikuhubirii. Nauliza tu: mara ya mwisho ulimuuliza nini, zaidi ya "hamjambo huko, mvua zimenyesha"?

Picha nimeikuta Bibi ameitundika sebuleni, juu ya kalenda. Ukuta wa mkabala kuna kile kioo kidogo ambacho marehemu Babu alikuwa akinyolea ndevu. Bibi alinishika mkono akanisimamisha mbele ya kioo. "Tazama humo," akasema. Nikatazama. Kwenye kioo mlima ulikuwa umerudi kushoto, mahali pake.

Mparachichi haukuwepo.